Kinanda cha Kuingia Nacho Wodini

Jumatatu, 2 Juni

Daktari ametuita mimi, Mama na mdogo wangu kwenye kile chumba chake chenye viti vya plastiki, akatuambia kifua cha Baba hakitapona tena. Hakuzungukazunguka. Alisema ni suala la siku, labda wiki, na kwamba tumkalie karibu. Mama aliitikia tu. Akakunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono.

Tukarudi wodini, na mdogo wangu akatoa gitaa.

Nieleze hapa, maana sina mwingine wa kumweleza. Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Kidevu, kwa jinsi anavyokiegemeza kidevu juu ya gitaa anapopiga. Anajua mikao mitatu ya vidole. Mitatu! Ukimtajia wa nne anaomba maji ya kunywa. Mimi nimesoma piano tangu nina meno ya utoto, na kila jioni napiga kwenye ukumbi wa hoteli, watu wanakula wamevaa tai. Lakini piano haipandi ngazi za hospitali. Kidevu akapiga, wodi nzima ikamshangilia, mgonjwa wa dirishani akaomba arudie, na Baba akatabasamu.

Baba! Mtu ambaye hajakanyaga ukumbini kwangu hata siku moja. Kila nilipomwalika alisema ana suruali ya mteja ya kumalizia. Ni fundi cherehani. Siku zote kuna suruali ya mteja.

Basi nimeamua. Nitatafuta ala ya pili, inayobebeka, na Baba atanisikia kabla ya...

Atanisikia. Nitampigia ule wimbo wake wa zamani anaoupiga mluzi akikata kitambaa.

Mke wangu anasema niende tu nikae naye. Mke wangu ana mema mengi, ila sikio la muziki hakujaliwa.

Jumanne, 3 Juni

Nimeshinda duka la vinanda. Mwenye duka ni mama mmoja wa miwani, mpole, ingawa upole wake ulipungua kadiri mchana ulivyokwenda.

Nilimweleza ninachotaka. Kipite mlangoni, kisinichukue muda kujifunza, na kimfunike mpiga gitaa. Akauliza mpiga gitaa gani. Nikamwambia hayo ni ya kifamilia.

Nilianza na filimbi. Nilipuliza mpaka rafu za duka zikaanza kuzunguka, nikashikwa nikakalishwa kwenye ngoma. Nikajaribu tarumbeta, ikatoa upepo mtupu. Mama wa miwani akauliza kwa adabu zote kama nimewahi kufikiria kuimba. Nikamwambia mimi ni mtu wa vidole.

Hapo ndipo akanitolea melodika. Kidude cha mkononi, kina mrija wa kupuliza, na kina vibao vyeusi na vyeupe kama piano! Nusura nimkumbatie. Kumbe siku zote kipo, na mimi nateseka bure! Nimerudi nayo kwenye mfuko wa karatasi, mabega juu. Kidevu kwisha habari yake.

Alhamisi, 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika saa ya kuona wagonjwa, nikakohoa kidogo ili watu wanyamaze, nikaanza wimbo wa Baba. Vidole havikukosea. Vidole vyangu havijawahi kunitia aibu. Kilichoniponza ni pumzi. Piano haijawahi kuniuliza napumua saa ngapi! Unapiga, mguu uko kwenye kikanyagio, sauti inaendelea yenyewe, wewe unapumua ukipenda. Hii melodika, pumzi ikikatika na wimbo umekatika. Nilijikaza. Nikasema nitapumua mwisho wa mstari. Mstari ule ni mrefu. Macho yakanitoka, vibao vikawa viwili viwili, na mate yakaanza kuchuruzika kwenye mrija.

Baba alikuwa amesinzia. Akafumbua jicho moja, akauliza ni mtoto wa nani analia, na kwa nini mama yake hambembelezi.

Muuguzi mkuu akaja. Ni mwanamke mfupi mwenye viatu visivyo na sauti, unashtukia tu yupo. Aliniuliza kama nimeona hii ni wodi ya nini. Wodi ya kifua. Akasema hapa chochote cha kupulizwa ni marufuku, mate yenyewe haya, na kwamba yeye akinitazama hajui anipeleke nje au anilaze.

Kidevu alikuwepo. Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniletea maji.

Jumamosi, 7 Juni

Nimebadili mbinu. Kama Baba anapenda nyuzi, basi nyuzi atazipata, tena kutoka kwa mtu aliyesoma. Nimerudisha melodika (mama wa miwani aliipokea kwa ncha za vidole viwili) nikachukua ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Nne ni chache kuliko sita. Nilidhani nimepata nafuu.

Nilipofika nyumbani, ilikuwa haijawekwa sawa. Sauti mbovu kabisa. Nikafanya anavyofanya mpiga piano yeyote mwenye akili zake. Nikampigia simu fundi wa piano.

Alikuja na mkoba wake wote, nyundo, funguo, vitambaa na taa ya kichwani. Akavua viatu, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwonyesha ukulele juu ya kochi. Akaitazama. Akanitazama. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba, kwamba hii mwenyewe ndiye anayeiweka sawa, kila siku, na mara nyingine kila baada ya wimbo.

Kila siku! Tangu nizaliwe sijawahi kuzungusha hata kigingi cha uzi. Kazi hiyo ina mtu wake, anakuja mara mbili kwa mwaka, anakunywa chai, anaondoka. Fundi akasema pole. Akanywa chai, akaondoka.

Nilijaribu mwenyewe. Uzi wa kwanza ukapanda, ukapanda, ukakatika ukanichapa puani.

Jioni Kidevu akapita, akaona pua, akaona ukulele, akasema atanifundisha mikao yake mitatu, kazi ya nusu saa, kisha twende tukampigie Baba pamoja. Mimi! Nifundishwe na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Nikamwambia nashukuru, nina mafua.

Alipoondoka, mke wangu alisonya tu, akaenda kuanua nguo.

Jumapili, 8 Juni

Baba hali si nzuri. Amekula kijiko kimoja tu cha uji, na kwa kumridhisha Mama. Mkono wake umebaki mifupa na mishipa. Nilikaa pembeni nikimtazama kifua kinavyopanda kwa shida, nikaogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa kama mtoto.

Akanigeukia kama mtu anayetaka kusema jambo. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata wazo, na wazo likinijia sikai chini. Nikamwambia narudi, nikakimbilia dukani. Nikakuta pamefungwa. Ni Jumapili.

Jumanne, 10 Juni

Kodiani! Nilikuwa wapi siku zote? Ina vibao vya piano upande wa kulia, mifuko ya upepo katikati, unavuta unasukuma, hupulizi kitu. Muuguzi mkuu hana la kusema. Ni nzito kidogo, imenichubua bega. Mama wa miwani amenikodisha. Kuniuzia alikataa.

Ili mambo yaende sawa, jana nilimwambia Kidevu kwamba saa za kuona wagonjwa zimesogezwa mpaka jioni. Si uongo mkubwa. Nilitaka tu siku moja, mimi na Baba, bila kidevu juu ya gitaa. Kila mtu angefanya hivyo.

Saa ya kawaida nikaingia. Nilikuwa nimegundua tatizo dogo la kodiani. Ukiivaa vibao vinasimama wima na huvioni, nami vibao nisivyoviona siviwezi. Nikapata ufumbuzi. Nikaketi kando ya kitanda, nikailaza mapajani, vibao vikinitazama kama piano. Mkono wa kushoto nao ukasaidia kuvuta na kusukuma. Nikaanza wimbo wa Baba.

Jamani, ilitoka! Ilitoka vizuri! Mgonjwa wa dirishani akaacha kukohoa. Nikafumba macho. Na hapo, mguu wangu wa kulia ukafanya ulichozoea tangu utoto. Ukatafuta kikanyagio. Ukakipata. Nikaona raha ya ajabu, nikawa nakanyaga mwanzo wa kila mstari, taratibu, kama nilivyofundishwa.

Mgonjwa wa dirishani alikuwa wa kwanza kupiga kelele, akiuliza mzee anakwenda wapi.

Kitanda cha Baba ni cha kisasa. Chini yake kuna kikanyagio, ukikikanyaga upande wa kichwa unashuka. Nilipofumbua macho Baba kichwa kilikuwa chini, miguu juu, nami sijamaliza hata nusu ya wimbo. Alikuwa ananitazama kutoka huko chini. Na alikuwa anacheka! Baba anacheka, machozi yanamtoka, anapigapiga godoro kwa kiganja. Nikacheka na mimi.

Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Muuguzi mkuu alifika, akanyanyua kitanda, akaleta oksijeni. Wauguzi wakamzunguka. Mimi nilisimama na kodiani imeninyong'onyea mikononi, inatoa mlio wa chinichini wenyewe, sijui niishike wapi inyamaze. Muuguzi mkuu akaichukua. Akasema itakaa ofisini kwake, na kwamba kuanzia leo mimi nitaingia wodini na mikono yangu tu.

Kabla sijatoka Baba alisogeza kile kifuniko cha mdomoni, akauliza Kidevu yuko wapi, mbona leo hajaja. Nikasema sijui.

Kidevu amefika jioni akakuta mlango umefungwa. Amenipigia simu kuniuliza kama nilisikia vibaya. Nikasema huenda.

Alhamisi, 12 Juni

Mama amenipigia asubuhi. Baba ananiulizia. Amesema niende sasa hivi, na niende mikono mitupu, tafadhali, mwanangu.

Ukulele nilikuwa nimeshatia uzi mpya. Nikaificha chini kabisa ya mfuko, juu nikapanga machungwa. Muuguzi mkuu alinyanyua machungwa moja moja, akayaweka mezani, akaitoa ukulele kwa shingo, akayarudisha machungwa. Sasa ofisini kwake kuna bendi nzima.

Nikaingia. Baba ameishiwa. Sauti yake ni ya kuinamia. Nilikaa, sikujua mikono niiweke wapi, nikaiweka juu ya shuka. Nilianza kumweleza kuhusu kodiani, kwamba nikipata nyingine ndogo zaidi, na kitanda kikifungwa breki. Akaniuliza hivyo vidole vinahangaika nini. Nikatazama. Vilikuwa vinapiga, juu ya shuka, vyenyewe.

Akavuta mkono wa pajama mpaka kwenye kiwiko, akasema nipigie hapa.

Nikasema hapatatoka sauti. Akasema yeye ndiye mwenye mkono.

Basi nikapiga wimbo wake juu ya mkono wake. Ngozi ilikuwa ya moto na laini, nikaogopa kumuumiza, nikapiga polepole kuliko nilivyowahi kupiga kitu chochote. Alifumba macho. Tulipofika katikati, pale wimbo unapopanda, akanigusa kiganja akanisimamisha. Akasema nimekimbia. Nimekimbia pale pale ninapokimbia tangu nasoma shule.

Nikamuuliza amejuaje. Hajawahi kuja kunisikiliza.

Akasema cherehani yake ilikuwa ukutani upande wa pili. Piano upande huu, cherehani upande ule. Alikuwa anakanyaga kwa kufuata mwendo wangu, na nilipokimbia pale katikati na yeye alikimbia, pindo likaenda upande. Suruali nyingi mjini humu zimepinda pindo kwa ajili yangu, na wateja aliwaambia ni mtindo. Penye uzuri, alisema, alikuwa anasimamisha cherehani kabisa.

Nakumbuka ikinyamaza. Siku zote nilidhani nimemkera.

Ukumbini hakuja, akasema, kwa sababu angekaa na watu wa tai angeona aibu kulia.

Nililia mimi. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, mbele ya mgonjwa wa dirishani, ambaye aligeukia ukutani kwa heshima. Baba akaniacha nimalize. Kisha akasema nianze upya, na safari hii nisikimbie. Nikaanza upya. Nilipofika katikati nikatulia, naye akatulia, na kabla ya mwisho alikuwa amelala, mkono wake mikononi mwangu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu amenitazama usoni, akaniwekea maji ya kuoga bila kuuliza.

Lakini tuseme kweli. Sauti haikutoka hata chembe. Mtu mwenye taaluma yake hawezi kuhesabu hilo kuwa ni kupiga. Baba bado hajanisikia sawasawa mwaka huu wote. Kesho asubuhi na mapema naenda kwa muuguzi mkuu kuidai kodiani.

Jumamosi, 14 Juni

Baba alifariki jana asubuhi.

Nilikuwa ofisini kwa muuguzi mkuu. Nilifika mapema kuliko wote. Mama na Kidevu wakapita mlangoni, Kidevu akasema twende ndani, nikasema tangulieni, nakuja na kitu. Nilikuwa naeleza hoja zangu. Nilikuwa nimeziandaa vizuri. Nilisema muziki ni haki ya mgonjwa, nikasema nitavua viatu, mguu usiwe na nguvu. Alianza kulegea. Alikuwa ameshashika ufunguo wa kabati.

Kisha muuguzi mdogo akaja akamnong'oneza, naye akaurudisha ufunguo mfukoni, akanishika bega. Nikajua.

Kidevu ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Anasema Baba aliondoka taratibu, hakuhangaika, alikuwa anagongagonga kidole kwenye kiganja chake kama anahesabu mwendo, halafu kidole kikatulia. Kidevu hakuelewa ni nini. Ananiuliza mimi, kaka yake niliyesoma, kama najua. Nikamkumbatia, tukalia pale pale koridoni, tukiwazuia watu na vitoroli vyao.

Leo tumemzika. Kidevu alipiga gitaa kaburini, ule wimbo, kwa mikao yake mitatu. Alipofika katikati hakukimbia. Mimi nilisimama na mikono mfukoni. Mama akaja akautoa mmoja, akaushika mpaka mwisho.

Sina la kuandika zaidi leo.

Jumapili, 29 Juni

Nimepata utulivu wa kufikiri. Kosa limejulikana.

Kosa lilikuwa kung'ang'ania vibao. Melodika vibao, kodiani vibao, na ukulele niliichukua kwa hasira tu. Kama ningeanza mapema na chombo kisicho na vibao, kisichopulizwa wala kukanyagwa, mambo yangekuwa mengine kabisa. Nimezunguka suala hili usiku na mchana na jibu ni moja. Fidla! Nyepesi, inaingia kwapani, na hakuna muuguzi duniani atakayeiona chini ya koti. Mama wa miwani alinisihi sana nifikirie tena. Nikamwambia nimeshafikiri.

Mchana huu Mama amepiga simu. Anasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Anasikia saa ya ukutani. Kidevu anakwenda kila jioni, lakini leo Mama anataka na mimi, niende tu nikae naye sebuleni, hata kama hatuzungumzi. Amesema hataki kupigiwa kitu. Anataka kuniona.

Nilimwelewa haraka. Mama ni mtu wa staha, hawezi kuomba muziki waziwazi siku za msiba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, namwandalia kitu cha maana, na sitaki kumjia mikono mitupu kama nilivyomwendea Baba. Fidla inafika Jumatano. Mama wa miwani ananiambia mwanafunzi mwenye bidii, akianza leo, miaka miwili tu anaweza kutoa sauti ya kumpigia mtu. Kwa mtu wa kiwango changu, tuseme mmoja na nusu.

Mama akasema sawa, mwanangu. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nadhani simu yake imeanza kuharibika.